Mke Mwenzangu Amegoma Kula

Kwetu Jomvu Kuu, mjukuu wa kike na bibi yake ni wake wenza. Babu ndiye mume wetu sote, na kazi yetu ni kumgombania kwa maneno. Tangu nikiwa na miaka minne bibi aliniita mwizi wa waume za watu, nami nilimwambia amezeeka, aniachie nafasi. Babu alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha babu akafa, bibi akaanza kusahau, na sisi sote tukawa na adabu nyingi mno.

Adabu hiyo ndiyo ninayoilaumu. Kusahau kwake tulikuwa tumekuzoea: aliweka viatu kwenye friji, akamwamkia jogoo shikamoo. Hayo tuliyacheka. Lakini mwaka jana alinyamaza. Alilala akiutazama ukuta, akila vijiko viwili vya uji kwa siku, machozi yakimtoka bila sauti. Nguo zikaanza kumpwaya. Tulipoingia chumbani kwake tulinong'ona.

Daktari wa huku kwangu Mikindani alitueleza taratibu. Ugonjwa huu, alisema, hauli kumbukumbu peke yake. Unavuruga pia homoni na kemikali za ubongo, zile zinazompa mtu hamu ya kuamka na kula, na huzuni inayokuja si kiburi wala uchawi. Alimwandikia vidonge, akatuonya kwamba vitachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kwamba bibi akizidi kukonda atalazwa alishwe kwa mpira wa puani. Mchangamsheni, akasema.

Shangazi yangu, ambaye huamini kila ugonjwa una sufuria yake, alilishika neno homoni na mengine akayaacha hapo hapo kliniki.

"Kama ni homoni, mbona rahisi," aliniambia. "Wanaume wote wa Mombasa wanaijua dawa yake."

Akapika supu ya pweza sufuria nzima. Bibi akageuzia uso ukutani. Supu ikanywewa na mume wa shangazi, na wiki nzima shangazi akawa analalamikia usingizi.

Mimi nilichoka. Nilikaa kitandani nikamwambia bibi, kwa sauti yangu ya zamani, "Mke mwenzangu, wewe endelea kulala. Mume nimemchukua mimi."

Aligeuka. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, kama mtu anayekagua samaki wa juzi.

"Wewe?" akasema. "Na hayo magoti?"

Nusura nipige vigelegele. Lakini kuna jambo nililosahau mimi mwenye akili timamu: bibi hakukumbuka kuwa mimi ni mjukuu, wala kuwa huu ni utani. Mzaha mzaha hutunga usaha. Kesho yake alitaka wanja, akataka kanga mpya, akamwamuru shangazi amkande miguu kwa sababu kuna mwanamke wa Mikindani anamvunjia nyumba. Alinywa uji kikombe kizima apate nguvu za kunitukana. Daktari akasema vidonge vimeanza kufanya kazi, na huenda ni kweli, ila si vidonge vilivyokuwa vikiitwa nyang'au.

Siku ya tano niliingia na sahani ya wali na samaki. Alikuwa amejipamba, amekaa wima.

"Mume yuwapi?" aliniuliza. "Jana ilikuwa zamu yako."

Nilishikwa na hofu. Nikimwambia amekufa, ataomboleza upya na kurudi kwenye ukuta wake. Nikisema yuko kwangu, nitakuwa namwonea.

"Kwangu hayuko," nikasema, na hilo lilikuwa kweli.

"Kwangu pia hayuko." Akajifunga kanga yake upya. "Basi kaoa wa tatu."

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, kwa sababu nilimkumbuka babu na sikuwa nimemlilia vya kutosha. Bibi alinitazama bila huruma nyingi. Akasogea kunipa nafasi kitandani, akamega samaki, akatoa miba, akala yeye kwanza. Kisha akafinyanga tonge la wali, akanitia mdomoni.

"Kula, mke mwenzangu," akasema. "Mwanamume hakondewi."