Bibi Aliyesubiri Daraja Lishuke

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuinua daraja. Mtu angeniambia utotoni, katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kwamba kuna nchi ambako watu huajiriwa kuinua barabara ili mashua zenye milingoti mirefu zipite chini, ningedhani ananitania. Nilianza hapa Sydney kwa kushika kibao cha kusimamisha magari penye ujenzi, nikasoma kozi moja baada ya nyingine, mwishowe nikakabidhiwa funguo za kibanda cha vioo pembeni mwa daraja.

Tulikuwa watu wachache wa zamu, na kila mmoja alikaa peke yake. Niliyempokea zamu alinisalimu mlangoni, akaniachia birika la maji ya moto, akaenda zake. Saa ya kufungua ikifika niliwasha taa nyekundu, nikashusha vizuizi, kisha nikatoka nje kutazama kwa macho yangu kama hakuna mtu aliyebaki juu ya kile kipande kinachoinuka. Ndipo nikabonyeza. Madereva waliosimama pande zote mbili hawakunitazama. Walitazama simu zao.

Aliyenitazama alikuwa bibi mmoja wa Kigiriki, mjane, aliyekaa mtaa wa jirani. Daktari alikuwa amemwambia atembee kila asubuhi, na mara nyingi kizuizi kilishuka mbele yake kabla hajavuka. Siku ya kwanza alisogea hadi mlangoni kwangu, akaniuliza kama namchelewesha makusudi.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ni yule mwenye mashua."

"Umeniita mama?"

"Kwetu mtu wa umri wako tunamwita hivyo."

Akafikiri kidogo. "Basi endelea."

Tangu hapo tukawa tunaongea kila daraja linapokuwa juu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga kama changu, kwa hiyo hakuna aliyemwonea mwenzake haya. Alinieleza jinsi mumewe alivyokuwa akichoma samaki, na jinsi mwanawe alivyohamia Perth. Mimi nilimweleza kwamba mke wangu anatunza wazee usiku nami niko kazini mchana, kwa hiyo nyumbani Macquarie Fields tunapishana mlangoni. Nilimwambia pia kwamba watoto nikiwauliza jambo kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, mpaka siku nyingine nanyamaza tu. Daraja likishuka aliniaga, akavuka. Hatukuwahi kuulizana majina.

Kisha mafundi wakaja kufunga kamera. Msimamizi wetu, mtu mpole, alituita akatueleza kwamba daraja sasa litaendeshwa kutoka chumba kimoja huko karibu na Bankstown. Wenzangu wawili waliamua kuacha kazi. Mimi nilikuwa na watoto shuleni, nikakubali kwenda kukaa mbele ya skrini. Siku yangu ya mwisho kibandani mvua ilinyesha tangu alfajiri na bibi hakutoka, kwa hiyo sikumuaga.

Chumba kile kina baridi na hakina dirisha. Tunakaa wengi, kila mmoja na vifaa vyake masikioni, na zamu inaweza kuisha bila mtu kumwambia mwenzake neno zaidi ya habari za asubuhi. Kibandani nilizoea kuwa peke yangu, lakini kule angalau upepo ulinipiga na harufu ya maji iliingia. Hapa nilikuwa mpweke katikati ya watu.

Haikupita wiki nikamwona. Nilikuwa nimeshusha vizuizi na ninapitisha macho kwenye picha moja moja, naye akawa pale pale penye mlango wa kibanda, na mfuko wake wa kitambaa begani. Kamera hazileti sauti, ila niliona midomo yake ikienda. Alikuwa anaongea na mlango. Kisha akainama akachungulia kioo, akagonga kwa kidole.

Kuna kipaza sauti cha kuwaonya watu walio darajani. Nikabonyeza kitufe chake.

"Mama, simo humo. Nimehamishwa, niko mbali."

Wote waliokuwa wakisubiri waliinua vichwa. Bibi akatazama juu, akatazama majini, akafanya ishara ya msalaba. Punde msimamizi akaja nyuma ya kiti changu, akaniambia taratibu kwamba kipaza sauti kile ni cha dharura tu.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda treni, kisha basi, nikaenda kumngojea pale kizuizini. Aliponiona alisimama ghafla.

"Nilidhani umekufa," akasema.

"Hapana, mama. Wamenipeleka ofisini."

"Nilisikia sauti yako hewani. Nikasema basi, yule kijana amekufa kweli. Nikakuwashia mshumaa kanisani."

Nikacheka, naye akacheka, halafu machozi yakamtoka, akanishika mkono. Vizuizi vikashuka. Barabara ikainuka, na hakuna aliyetoka kutazama. Nilimwomba namba ya simu. Akasema simu hazimfai tena, masikio yamechoka, siku hizi mpaka amwone mtu usoni ndipo anaelewa.

"Nitakuwa natembea upande wa ufukweni," aliniambia daraja lilipokuwa likishuka. "Huku hakuna wa kusubiri naye."

Nikamwambia ni vyema, kule hakuna moshi wa magari. Nilimsindikiza hadi ng'ambo, tukaagana, nikarudi kituoni.

Jioni nilimsimulia binti yangu mkubwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini sikwenda mapema, kabla bibi wa watu hajaniwashia mshumaa. Mama yake alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Tukala, tukaosha vyombo, kila mtu akaingia chumbani kwake.

Kazi ninayo bado. Ninapokagua zile picha kabla ya kuinua, huwaona vijana wanaokimbia mazoezi, mtu na mbwa wake, mara nyingine hakuna mtu kabisa. Bibi sijamwona tena. Ufukweni anakotembea hakuna kamera yetu.