Televisheni Iliyofungiwa kwa Wageni

Sijamsamehe yule bosi wangu wa chuo cha Nchelenge, wala sitajifanya mwema hapa.

Nilitoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala kwenda kufanya ufundi wa kompyuta pale chuoni, mwezi mmoja wa majaribio. Mke wangu alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba nimepata kazi, kwa hiyo sikuwa na njia ya kurudi mikono mitupu. Bosi, fundi mkuu, alikuwa Mzambia aliyejifunza Kiswahili kwa kununua samaki kwa Wakongomani. Chuo kilikuwa na mitandao miwili isiyotumia waya, mmoja wa wafanyakazi, mmoja wa wageni. Nilipomwomba paswadi ya wafanyakazi alinijibu kwa ujumbe wa simu: "Weye ni mukimbizi. Utumie ile ya bageni tu."

Nikaingia kwenye ule wa wageni. Wiki ya pili akaniagiza nifunge televisheni mpya ukumbini. Nikaifunga, nikaiunganisha na mtandao niliokuwa na paswadi yake. Ningefanya nini kingine?

Alipotaka kurusha picha za simu yake kwenye televisheni ile, simu haikuiona kabisa. Akaniita mbele ya mkuu wa chuo, mama mwenye sauti ya chini, akasema nimeiharibu, na heri nirudi kambini nikalime mihogo. Mkuu akaandika jina langu na kosa hilo kwenye daftari lake.

Tatizo nililijua palepale. Televisheni hujitangaza kwa simu zilizo kwenye mtandao wake, na tangazo hilo halivuki kwenda mtandao wa pili, kama vile mvuvi wa kisiwa cha Chisenga anavyoita wanunuzi kwenye gati moja na wao wamesimama gati jingine. Simu ya bosi ilikuwa kwenye mtandao wa wafanyakazi. Televisheni ilikuwa kwa wageni, pamoja nami. Ningeweza kusema. Nilinyamaza makusudi, na nilifurahia kunyamaza.

Ijumaa ukumbi ulijaa wazazi na wanafunzi, nusu yao watu wa Mantapala. Bosi alikuwa awaonyeshe picha za chuo. Akabonyeza, akazima, akawasha tena. Mkuu akauliza kama kuna anayeweza kusaidia.

"Mama, miye naweza," nikasema.

Simu yangu iliiona televisheni mara moja. Nikarusha ule ujumbe wake wa paswadi, herufi kubwa, jina lake juu. Watu wa Mantapala, Wakongomani wajuao Kiswahili, walikuwa wa kwanza kuusoma. Kisha nikasikia ukitafsiriwa kwa Kibemba, lugha ya wenyeji, safu kwa safu, mpaka ukamfikia mkuu aliyeketi mbele. Hakupandisha sauti. Alichana ule ukurasa wenye jina langu kwenye daftari lake, akamwamuru bosi anipe paswadi zote, papo hapo, watu wakitazama.

Rauta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, ilikuwa juu ya mlango. Tangu nianze kazi, bosi ndiye aliyepanda ngazi na mimi ndiye niliyeishika. Safari hii nilipanda mimi, na kompyuta yangu na waya, nikaiamuru rauta ipitishe matangazo ya televisheni kwenye mitandao yote miwili. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Nilikaa kule juu nusu saa.

"Bosi, ushike muzuri," nilikuwa namwambia kila mara. "Nisianguke."