Upande wa Nyuma wa Mwezi

Nilipokuwa mtoto kule Kathonzweni, nyanya yangu mzaa mama, niliyemwita Susu, alinionyesha mahali mama yangu alikoenda. Mama alifariki akinizaa. Wanawake wanaokufa hivyo, Susu alisema, huchukuliwa na mwezi. Yale madoa meusi ndio wao, wameinama wakipumzika. Nikajichagulia doa moja. Kila ulipojaa mwezi nilisimama uani nikalisimulia habari zangu, na Susu alinisubiri nimalize.

Siku moja ya soko alikuja mchuuzi wa picha za ukutani. Kati ya simba na magari alitundika picha ya mwezi, iliyopigwa na watu waliofika huko. Watu wakajaa.

"Mwezi gani?" muuza ndengu alicheka. "Hii ni timbo ya kuchimbia mchanga!"

Mzee mmoja wa kanisa alikasirika. "Mungu ameweka taa, nyinyi mnaenda kuikanyaga na viatu!"

Nilipenya hadi mbele nikamtafuta mama. Vumbi. Mashimo. Mtu mmoja mwenye nguo nyeupe nene, na kivuli chake. Nikalia mpaka wakaacha kubishana.

Susu alikuja, akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Hawa walishukia upande huu," akaniambia. "Mama yako alihamia upande wa nyuma. Huko hawajafika."

Nikafuta machozi. Nilimwamini, na hata shule haikuning'oa hapo kabisa.

Juzi nilikuwa hotelini Mtito Andei nikingoja chai, madereva wakaanza kuonyeshana picha mpya kwenye simu. Wanaanga walikuwa wameuzunguka mwezi na kupiga picha upande wa nyuma.

"Wah! Ni kama kwetu kiangazi," mmoja alisema.

"Hiyo ni kompyuta tu," mwenzake akajibu. Wakacheka, wakarudia nyama yao.

Niliomba kuiona. Nikaikuza kwa vidole, polepole, pembe hadi pembe, mtu mzima mwenye watoto, huku nikijua ninachotafuta. Mashimo matupu. Nikarudisha simu. Chai ililetwa, sikuinywa.

Susu alishafariki, sina wa kumuuliza nitazame wapi sasa. Ila si hilo linaloniuma zaidi. Jioni zile zote nilipoongea na mama, Susu alikuwa nyuma yangu, kimya. Aliyekufa alikuwa binti yake. Na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha yeye mahali pa kumtazama.