Basi Lazima Lipigwe Picha

Juzi stendi ya Ifakara mama mmoja alikuwa anamtumia bintiye wa Morogoro gunia la mchele. Kama tufanyavyo wote, akainua simu apige picha namba ya basi na sura ya kondakta, ili binti ajue wa kumdai.

Mlinzi wa stendi akaiziba simu kwa kiganja. "Mama, picha marufuku hapa."

"Mchele ukipotea, mwanangu atakula marufuku yako?"

"Mwache apige!" tukapiga kelele abiria wote.

Mlinzi akagoma, mpaka mkewe alipofika na ndoo ya samaki wakavu wa kumtumia mama yake mzazi kwa basi hilohilo. "Baba watoto, simama na ndoo hapo kwenye namba nikupige picha, mama yangu aone."

Mlinzi akasimama, akatabasamu mpaka magego. Mama wa mchele akapiga yake. Na mimi ninayo, anayetaka kuiona aje.