Mwalimu Honorata na Nafasi ya Mamia

Mwaka ule mashua zilipokuwa zikileta wakimbizi kutoka Burundi, nyumba ya Mwalimu Honorata huko Kasingirima ilijaa ndugu wa marehemu mumewe, wakalala hadi sebuleni. Kwa hiyo watoto waliojiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya masista aliwafundishia ufukweni, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa. Milima ya ng'ambo ilijitokeza ikapotea, ikajitokeza tena, na sauti za watu kwenye mitumbwi zilisikika bila wenyewe kuonekana.

Alichora mistari kwenye mchanga mbichi: maelfu, mamia, makumi, mamoja. Watoto wakapanga kokoto.

Frida alikuwa mmoja wao. Alikuja kwa mashua na bibi yake tu, nao wakapokelewa nyumbani kwa Honorata. Mama yake walipoteana naye Nyanza-Lac, huko Burundi, watu wakigombania mashua. Alikuwa mwepesi wa hesabu, lakini akiambiwa aandike elfu nne na saba, aliandika 47.

"Mamia yako wapi?" Honorata alimuuliza.

"Hayapo, Mwalimu."

"Na makumi?"

"Nayo hayapo."

"Hayapo, lakini nafasi yake ipo. Ukiifuta, kokoto zako nne za maelfu zinaporomoka hadi kwenye makumi. Weka sifuri ishike nafasi."

Frida aliitazama ile mistari mitupu kwa muda mrefu. Maji yalikuja taratibu, yakamlowesha miguu, yakarudi. Kisha akasema kwa Kirundi, ambacho Honorata alikielewa kwa sababu kinakaribiana na Kiha, lugha ya kwao, "Bibi humwachia mama nafasi kwenye mkeka tukila. Nilidhani anajidanganya."

Jana yake tu Honorata alikuwa amemwambia bibi yule asogee kwenye mkeka, watoto wapate pa kukaa. Akainama, akajifanya anasawazisha mchanga, hadi macho yake yalipokauka.

Frida akaandika 4007, polepole, kila tarakimu mahali pake.

Jioni ile Honorata aliandaa chakula mwenyewe, na watoto walipotaka kujisogeza upande wa bibi, akawaambia, "Hapo pana mtu."

Mama hakupatikana. Frida alifaulu. Siku ya kupanda lori kwenda shule alimshika Honorata mkono, akasema, "Shikamoo, Mwalimu," ingawa walikuwa wameamkiana tangu alfajiri.

"Marahaba, mwanangu," Honorata akaitika, akabaki amesimama barabarani hadi vumbi lilipotulia.