Jaribio Lililokubali Nyumbani Tu

Dada yangu ni mtafiti wa usalama wa kompyuta, yaani kazi yake ni kuiba nywila za watu kwa nia njema. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu ulidai kwamba simu ikiwekwa mezani, inaweza kusikiliza mlio wa vibonye vya kompyuta na kujua umebonyeza herufi gani. Nyumbani kwetu jaribio lilikubali kila mara. Mbonyezaji alikuwa Baba mdogo, mpiga chapa mstaafu, maana ndiye pekee aliyekuwa na nafasi. Dada alikuwa akimwachia sebule, akifunga mlango na kutukataza hata kupiga chafya.

Sasa, utafiti wa namna hii hauaminiwi mpaka watu wengine waurudie na kupata majibu yale yale. Wakaguzi wawili wa chuo kingine waliurudia kwao, wakaambulia patupu. Wakafunga safari kuja kujionea. Hapo tena wakikosa, dada hana shahada.

Mkaguzi mmoja akaketi, akabonyeza mwenyewe. Simu ikatoa upuuzi mtupu. Dada jasho likamtiririka. Akaketi Baba mdogo, simu ikapatia herufi zote, hakuna hata moja iliyoponyoka! Wakaguzi wakatazamana, wakatoa kalamu.

"Samahani," mmoja akaninong'oneza, "mzee anasali?"

"Wala. Ndivyo anavyopiga chapa."

Akaridhika, akarudi kwenye karatasi zake. Kweli, Baba mdogo hutaja chini chini kila herufi anayoibonyeza, toka enzi za ofisini. Sisi tulishazoea, hata hatumsikii. Lakini dada alikuwa amelisikia lile swali, na uso ulimshuka. Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, tena ningewaletea na chai.

"Baba mdogo," akasema, "hebu funga mdomo, upige tena."

Mzee akabana midomo, akapiga. Upuuzi mtupu.

"Andikeni limeshindikana," dada akawaambia wakaguzi. "Simu haikusikia vibonye. Ilimsikia yeye."

Walipoondoka alilia kwa kwikwi. Nilimwonea huruma sana, ila kicheko nacho kilinibana mpaka mbavu zikauma. Baba mdogo alikuwa bado anaitazama simu.

"Kwa hiyo miezi yote hii ilikuwa inanisikiliza mimi?"

"Ndiyo, Baba mdogo. Kila herufi."

"Afadhali yenyewe," akasema, akiivuta karibu. "Nyie mliacha zamani."