Oili ya Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Dada yangu mdogo hufundisha darasa la kwanza hapa Machakos mjini. Juma zima yeye ni a-e-i-o-u, kufunga kamba za viatu na kupangusa makamasi. Jumamosi akivaa helmeti anakuwa mtu mwingine kabisa. Ana gari la turbo, la samawati, la chini chini, ambalo likinguruma kule nyumbani Kathiani, kuku husahau kutaga hadi wabembelezwe. Hushindana nalo kwenye uwanja wa vumbi, akizunguka matairi yaliyopangwa, na mimi kaka yake ndiye fundi wake. Sisemi mimi ni fundi bora kuliko wote Ukambani. Watu ndio husema, hasa nikiwakumbusha.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuja kumtazama: mwaitu, yaani mama yetu. Si kwamba alimkataza. Angemkataza ingekuwa rahisi, wangegombana yaishe. Alinyamaza tu. Dada akisema, "Mwaitu, Jumamosi niko na mashindano," yeye huuliza, "Umekula?" Akishinda na kumletea kikombe, hukipangusa, hukiweka kabatini nyuma ya sahani za wageni, kisha anarudi kwa shughuli zake.

Halafu oili ikaanza kuchemka.

Kwenye dashibodi nilikuwa nimemfungia geji ya joto la oili ya injini. Kwa kawaida mshale ulikaa kwenye mia, au mia na kumi akikaza sana. Sasa alikuwa akizunguka uwanja mara chache tu, mshale unafika mia na thelathini na bado unapanda, kama mtu aliyesikia harufu ya nyama choma juu ya kilima. Oili ikipata moto namna hiyo inakuwa nyepesi kama chai ya mkandaa, vyuma vinasagana, na injini inakufa huku unaitazama.

Dada alikuja gereji baada ya shule, chaki bado iko vidoleni.

"Fundi."

Huniita Fundi akitaka kitu. Akikasirika huniita bro.

"Sema, Mwalimu."

"Kama Jumamosi bado inachemka, nauza."

"Unauza nini?"

"Gari. Nimechoka. Tangu nianze, mwaitu hajawahi kuniambia hata 'nenda salama'. Labda ndiyo haya sasa. Mtu hawezi kukimbia bila baraka ya mamake na mambo yaende."

"Wee! Baraka na oili ni vitu viwili."

"Basi nionyeshe, bro."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Mdomo ulimtetemeka kama wa mtoto wa darasa lake aliyepoteza kifutio. Nikajua sitengenezi gari tu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, kwa masomo ya jioni: mchana spana, jioni fizikia. Cheti changu nimekitia fremu kubwa kuliko dirisha la sebule. Sasa ile fizikia nikaiita kazini. Swali la kwanza: je, geji inasema kweli? Nilikifungua kile kichwa kidogo kinachopima joto, nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota jikoni, na nyaya zake bado zimeunganishwa. Mshale ulisimama kwenye tisini na tano.

Jirani yangu, fundi wa rangi, akapiga makofi. "Hiyo imekufa! Maji yanachemka kwa mia. Hata mtoto anajua."

"Huko Mombasa, ndugu yangu. Hapa tuko juu, hewa ni nyepesi. Maji ya Machakos yanachemka mapema."

"Kumbe ndiyo sababu maharagwe ya bibi yangu hayaivi!"

"Hapo usiniingize. Fizikia yangu haijafika kwa ndoa."

Basi geji ilikuwa mkweli. Nikapima oili kwa kile kijiti chake: iko sawa kwenye alama. Nikaimwaga yote, nikatia mpya, nzito, ya magari ya mbio. Ikachemka vizuri kuliko ya kwanza. Nikaangalia joto la maji ya rejeta: limetulia kama siku zote. Kwa hiyo injini nzima haikuwa mgonjwa. Oili peke yake ndiyo iliyokuwa na homa.

Kikabaki kitu kimoja. Mbele ya gari, chini, nyuma ya bampa, kuna kifaa kama rejeta ndogo. Oili hupita ndani yake, upepo hupita katikati ya mapezi yake, na oili inapoa. Kizungu chake, oil cooler, kina maringo, lakini sisi gereji tunakiita kula. Na jina limekikaa, kwa sababu chakula chake ni upepo.

Dada akalipeleka gari mbio kidogo upande wa Iveti, akalirudisha likihema. Nikajifunga kitambaa kizito mkononi, nikashika mabomba ya kula. La kuingia lilikuwa moto. La kutoka, moto vile vile. Lingekuwa baridi ningesema oili haipiti. Hii ilikuwa inapita, inaingia na homa na kutoka na homa ile ile. Kula kilikuwa na njaa.

Nikafungua bampa.

Kitu cha rangi ya vumbi, bapa, kilikuwa kimelala juu ya kula kama chapati kwenye kikaango. Nilidhani ni tope. Nikakibandua taratibu, kikatoka kizima, na kikawa kitambaa kilichokunjwa na kushonwa pembeni kwa uzi mweupe. Nikakinusa. Kilinuka mafuta, lakini si ya gari. Nikakisugua kwa kidole gumba, maua mekundu yakatokea, na nikayajua maua yale. Kilikuwa kipande cha leso ya mwaitu.

Wanawake wa kikundi chake cha maombi hukata vitambaa, huvitia mafuta ya upako, huviombea, kisha kila mmoja hupeleka chake mahali anapotaka pawe salama. Mwaitu ameviweka juu ya mlango, kwenye zizi la mbuzi, nyuma ya mtungi wa gesi. Nikakumbuka kwamba kabla ya joto hili kuanza tulilala Kathiani, na gari lilikuwa uani usiku kucha. Mafuta yalikuwa yameshika vumbi la uwanja wote, na upepo ukawa umekigandamiza pale.

Nilitaka kupasuka kwa kicheko. Nikamwangalia dada, nikakimeza.

Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, kitambaa mapajani, anakinyoosha kwa vidole kama daftari la mtoto lililokunjamana.

"Bro," alisema, bila hasira safari hii. "Kumbe amekuwa akienda na mimi."

Nilirudisha bampa, na jioni hiyo hiyo, jua lingalipo, tukafika nalo gari nyumbani Kathiani. Mwaitu alikuwa uani akichagua maharagwe kwenye ungo.

"Mwaitu, hii ni yako?" dada akauliza.

Mwaitu alitazama kitambaa, kisha akanitazama mimi kama mwizi wa sadaka. "Nani ametoa?"

"Ni mimi."

"Wewe umekuwa mchungaji lini?"

"Ilikuwa inaziba upepo, mwaitu. Ndiyo ilikuwa inachemsha gari."

"Asi! Yaani ni mimi nilikuwa napika gari ya mtoto?"

"Mbona hukuniambia?" dada alisema.

Mwaitu aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharagwe. "Ningekuambia nini, mwanakwa? Nikisema nenda, nitakuwa nadanganya, roho yangu haitaki. Nikisema usiende, utaenda na uchungu. Nikaona niongee na Mungu, hii mambo tuwe nayo sisi wawili. Na nikaweka mbele kwa sababu ajali inatoka mbele. Si ndiyo?"

Dada alipiga magoti, akalaza kichwa mapajani pake, na maharagwe yakamwagika uani kote. Mimi nikauchunguza mparachichi kwa makini sana, tawi kwa tawi.

"Na sasa imepoa?" mwaitu akauliza hatimaye.

"Hatujajaribu kwa nguvu," nikasema.

"Si mjaribu." Akakichukua kitambaa, akakitia kifuani ndani ya blauzi. "Hii itakaa na mimi. Mimi nitakaa wapi?"

Nilimkalisha mwaitu kando ya dada, nikamfunga mkanda kwa mikono yangu, nikamwonyesha geji: mshale ukipita hapa, piga kelele. Wakaondoka kupanda ile barabara ya murram isiyo na watu, nami nikabaki nikiisikiliza turbo ikiita kilimani. Walirudi bila kelele yoyote.

"Ilifika ngapi, mwaitu?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Nilikuwa nimefunga macho. Mtu anaomba macho wazi?"

Dada aliinamia usukani akicheka mpaka machozi. Mwaitu alimgonga bega. "Haya, turudie. Washa."

Wakapanda tena. Waliporudi, mwaitu alikuwa ameshatoa kichwa dirishani kabla gari halijasimama.

"Mia na nne! Haikusonga!"

"Basi siuzi," dada alisema polepole.

"Kuuza nini?" mwaitu akauliza.

"Hakuna kitu, mwaitu."

Nikaegemea mlango. "Na safari hii hukuomba?"

"Niliangalia na jicho moja," alisema, akihangaika kufungua mkanda. "Lile lingine lilikuwa na kazi yake."